JOHN HARRISON, SEREMALA ALIYETENGENEZA SAA YA BAHARI

Mwanafunzi aliyewahi kufungua gurudumu la baiskeli anazijua gololi. Ni vile vidude vya chuma vya mviringo, vyenye kung'aa kwa grisi, ambavyo vikianguka mchangani huwa ni taabu kuvitafuta. Vimewekwa humo ili ekseli na gurudumu visisuguane. Zitoe gololi hizo, kisha urudishe gurudumu bila ya kitu, nawe utaona ajabu: baiskeli itakuwa nzito kana kwamba mtu anaivuta nyuma, itapiga kelele njia nzima, na haitachukua siku nyingi ekseli itakuwa imelika. Vifaa vya namna hii mafundi wetu huviita beringi. Zimo katika mashine ya kusaga unga, katika pampu ya maji, katika pangaboi na katika gari moshi. Mahali popote ambapo kitu huzunguka juu ya kitu kingine pana beringi, iwe nzuri au mbaya.

Beringi hazikubuniwa na mtu mmoja. Lakini mmoja katika wale waliozifikisha hapa zilipo alikuwa seremala wa kijijini huko Uingereza, mtu asiyepata elimu ya chuo chochote, na ambaye hata hakuwa akizitafuta beringi. Alikuwa akitafuta njia ya kuwafanya mabaharia wasipotee baharini. Jina lake ni John Harrison.

Alizaliwa mwaka 1693 katika kijiji cha Foulby, jimbo la Yorkshire. Baba yake, Henry, alikuwa seremala. John alipokuwa bado mdogo jamaa yote ilihamia Barrow, kijiji kilicho kando ya mto Humber katika jimbo la Lincolnshire, na huko ndiko alikojifunza kazi ya baba yake, kuranda mbao, kuunga na kuchonga. Kijana alikuwa na kiu ya elimu. Kasisi mmoja alimwazima maandishi ya masomo ya hisabati na elimu ya maumbile yaliyokuwa yakifundishwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge. John aliyanakili yote kwa mkono wake, neno kwa neno na mchoro kwa mchoro, kisha akawa anayasoma na kuyaandikia maelezo yake pembeni kwa miaka mingi. (Wanaolalamika kwamba mwalimu wa fizikia huandika mengi mno ubaoni na wamfikirie kijana huyu.)

Mwaka 1713, akiwa na umri wa miaka 20, alimaliza saa yake ya kwanza. Kwa kuwa alikuwa seremala, aliitengeneza kwa mbao. Si sanduku la saa tu, bali hata magurudumu yenye meno yaliyomo ndani yalikuwa ya mti wa mwaloni. Alikata meno hayo yakifuata uzi wa mti, ili yasivunjike. Hakuna aliyemfundisha kazi ya saa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake. Mafundi wa saa wa London walikuwa na desturi zao walizorithi, na mojawapo ilikuwa ya kutia mafuta. Harrison hakurithi desturi yoyote, kwa hiyo aliweza kuuliza: je, mafuta ni ya lazima?

Inafaa tueleze jambo hili vizuri, maana ndilo kiini cha kazi yake yote. Ndani ya saa kila gurudumu lina mhimili wake, na ncha za mhimili huo zinazunguka ndani ya matundu. Ncha inasuguana na tundu. Msuguano huo hula nguvu na hula chuma. Dawa iliyojulikana ilikuwa kutia mafuta kidogo. Lakini mafuta ya siku zile yalitokana na wanyama na mimea. Kukiwa na baridi yaliganda, kukiwa na joto yalikuwa mepesi kama maji, na baada ya miezi kadhaa yalishika vumbi yakawa kama gundi. Mafuta yakibadilika, msuguano nao hubadilika. Na msuguano ukibadilika, saa huenda mbio leo na kuchelewa kesho. Kwa hiyo fundi aliyetaka saa isiyokosea ilimpasa auondoe msuguano wenyewe badala ya kuufunika kwa mafuta.

Yapata mwaka 1722 Harrison alijenga saa kubwa juu ya jengo la farasi katika shamba la bwana mmoja tajiri, mahali paitwapo Brocklesby Park. Humo alitumia mti mgeni uitwao lignum vitae, unaotoka katika nchi za joto za Amerika. Mti huu ni mgumu na mzito hata huzama majini, na una mafuta yake yenyewe ndani ya nyuzi zake, hauhitaji kutiwa mengine. Harrison alichonga matundu ya mihimili kwa mti huo, na mahali ambapo meno ya gurudumu hukutana na gurudumu dogo aliweka vijiti vya mti huo huo vyenye kuzunguka, ili jino libiringite badala ya kukwaruza. Saa hiyo ya Brocklesby ipo hata leo, nayo imekwenda kwa miaka mia tatu bila kutiwa mafuta. Mti huu baadaye ulipata kazi nyingine ambayo Harrison hakuiona: meli za moshi zilipokuja, beringi za mhimili wa rafadha, pale unapotokeza majini, zilitengenezwa kwa lignum vitae, maji ya bahari yakiwa ndiyo mafuta yake.

Pamoja na ndugu yake James alitengeneza baadaye saa ndefu za nyumbani ambazo hazikukosea zaidi ya sekunde moja kwa mwezi. Hakukuwa na saa iliyozishinda popote. Pendulamu zake alizifanya kwa fito za shaba na za chuma zilizopangwa kwa zamu, hata joto liliporefusha za aina moja, zile nyingine zilirudisha urefu uleule.

Sasa tuende baharini. Usiku wa tarehe 22 Oktoba, 1707, manowari nne za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, nazo zilikuwa zikirudi nyumbani. Walikufa mabaharia zaidi ya elfu moja, pamoja na jemadari wao, Sir Cloudesley Shovell. Si kwamba walikuwa wajinga, hawakujua walipo. Kujua umbali wako kaskazini au kusini, yaani latitudo, lilikuwa jambo la zamani. Mabaharia wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi waliipima kwa kipande cha ubao na uzi wenye mafundo, wakitazama nyota ya kaskazini. Lakini umbali wa mashariki na magharibi, yaani longitudo, haukuweza kupimwa kwa kutazama nyota moja, kwa sababu dunia huzunguka na nyota zote hupita.

Njia moja ilijulikana kwa akili, ila haikuwezekana kwa mikono. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa, au digrii moja kila dakika nne. Nahodha akiona jua limefika juu kabisa, anajua kuwa hapo alipo ni saa sita mchana. Akiwa na saa nyingine ionyeshayo wakati wa bandari aliyotoka, naye akaona inasema saa tisa, basi yuko digrii 45 magharibi ya bandari hiyo. Hesabu hii mtoto wa darasa la saba aiweza. Taabu ni hiyo saa ya pili. Pendulamu haiwezi kwenda sawa katika marikebu iyumbayo, na dakika mbili tu za makosa humpoteza nahodha nusu digrii, ambayo kwenye ikweta ni kilomita 55 hivi.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kumpa zawadi mtu atakayeondoa taabu hiyo: pauni 20,000 kwa njia isiyokosea zaidi ya nusu digrii baada ya safari ya kwenda West Indies, na zawadi ndogo zaidi kwa iliyo dhaifu kuliko hiyo. Fedha hizo kwa siku zile zilikuwa utajiri mkubwa. Iliwekwa Halmashauri ya Longitudo, ya mabwana wa Jeshi la Majini, maprofesa na wanafalaki. Wengi wa wakubwa hao waliamini kwamba jawabu litatoka mbinguni, kwenye mwezi na nyota. Hawakutazamia litoke katika karakana ya seremala.

Harrison alifika London mwaka 1730 na michoro yake. Edmond Halley, mwanafalaki mkuu, alimpokea kwa wema akampeleka kwa George Graham, fundi saa mashuhuri kuliko wote. Mwanzo Graham na Harrison hawakuelewana, lakini walizungumza kutwa nzima, na usiku ulipoingia Graham alikuwa amekwisha kubali kumkopesha fedha bila riba. Wakati huo Harrison alikuwa mtu asiyejulikana, na Graham angeweza kabisa kuyaiba mawazo yake. Hakuyaiba. Mambo ya namna hii hayaandikwi vya kutosha katika vitabu.

Saa ya bahari ya kwanza, ambayo siku hizi huitwa H1, ilimchukua miaka mitano. Ilikuwa na uzito wa kilo 34. Badala ya pendulamu ilikuwa na mizani miwili iliyofungwa pamoja ikienda kinyume, ili mmoja ukisukumwa na wimbi mwingine uurudishe. Na ncha za mizani hiyo hazikuwekwa katika matundu. Zililala juu ya kingo za magurudumu makubwa. Ncha ikigeuka, gurudumu lililo chini yake hugeuka nalo polepole, hivyo hakuna kukwaruzana. Haikuwa na hata tone la mafuta.

Mwaka 1736 ilipelekwa Lisbon kwa manowari Centurion na kurudi kwa manowari Orford. Harrison aliugua bahari vibaya, lakini saa haikuugua. Walipokaribia nchi, maofisa walisema ncha ya nchi waionayo ni Start. Harrison alisema la, ni Lizard, maili 60 hivi magharibi yake. Ilikuwa Lizard.

Halmashauri ilifurahi, na mtu mwingine angedai safari ya West Indies papo hapo. Harrison badala yake alisimama akaeleza kasoro za saa yake mwenyewe, akaomba fedha kidogo tu ili atengeneze nyingine. Akatengeneza H2, nzito zaidi, akagundua kwamba mizani yake ilivurugika marikebu inapogeuka. Hakuipeleka baharini kamwe. Akaanza H3 mwaka 1740. Hiyo ilimchukua miaka kumi na tisa.

Miaka kumi na tisa juu ya mashine moja! Kijana aliyekuwa mtoto mchanga alipoianza alikuwa mtu mzima alipoimaliza. H3 ina sehemu 753, na kwa kusema kweli haikumridhisha hata mwisho. Lakini ndani yake mna vitu viwili ambavyo dunia haikuviacha tena. Cha kwanza ni ubamba wa shaba na wa chuma ulioungwa pamoja, ambao hujikunja joto likibadilika. Ubamba wa namna hiyo umetumika katika pasi za umeme ili zisiunguze nguo. Cha pili ni beringi ya rola zilizo katika kizimba.

Yale magurudumu makubwa ya H1 yalichukua nafasi nyingi. Harrison alitaka kitu kidogo kinachojitegemea. Ukiweka rola ndogo kuuzunguka mhimili, mhimili utabiringita juu yake vizuri. Lakini tazama taabu yake: rola mbili jirani zote huzunguka upande mmoja, kwa hiyo pale zinapogusana uso wa moja unakwenda juu na uso wa nyingine unakwenda chini. Zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na ule msuguano uliofukuzwa mlangoni unaingia kwa dirishani. Harrison alizitia rola zake katika kizimba chembamba chenye nafasi ya kila moja, ili zizunguke pamoja bila kugusana. Basi. Fungua beringi ya mashine ya unga leo uone: mna pete ya ndani, pete ya nje, gololi au rola kati yake, na kizimba kinachozitenga. Gololi zenyewe zilipata hati ya ubunifu kwa ajili ya magari ya farasi mwaka 1794, mkononi mwa Philip Vaughan wa Wales, na mwaka 1869 Mfaransa Jules Suriray aliziandikisha kwa baiskeli. Kizimba kilikuwa kimetangulia, ndani ya saa ambayo haikupata hata kusafiri.

Kwa nini haikusafiri? Kwa sababu Harrison mwenyewe aliiacha. Mwaka 1753 fundi mmoja, John Jefferys, alimtengenezea saa ndogo ya mfukoni kwa maagizo yake, nayo ikaenda vizuri kuliko ilivyotazamiwa. Mzee akaona kwamba saa ndogo yenye mizani iendayo kwa kasi haijali mawimbi, kama vile mtoto akimbiaye na kitanzi cha gurudumu asivyohitaji kukishikilia. Basi akaliacha wazo alilolitumikia karibu miaka thelathini, akatengeneza H4. Ilimalizika mwaka 1759, upana wake sentimita 13, uzito wake kilo moja na nusu hivi. Ncha zake zinazunguka katika matundu ya yakuti, na vipande vinavyopokea meno ya gurudumu la mwisho ni vya almasi, kwa sababu vito havilikiki. Katika saa ndogo hivyo hapakuwa na nafasi ya rola wala lignum vitae. Ilibidi itiwe mafuta. Mtu aliyeyapiga vita mafuta maisha yake yote aliyakubali pale kazi ilipoyataka.

Sasa Harrison alikuwa na miaka 68, akamtuma mwanawe William. Manowari Deptford iliondoka Portsmouth tarehe 18 Novemba, 1761. Njiani bia ya mabaharia iliharibika, na wote waliitamani Madeira wapate kinywaji. Hesabu ya maofisa na hesabu ya saa zilitofautiana zaidi ya digrii moja. William alisisitiza kwamba wakiishika njia yao kisiwa kitaonekana kesho yake asubuhi, nacho kikaonekana. Walipofika Jamaica, saa ilikuwa imepotea sekunde tano tu katika siku 81.

Zawadi ilikuwa imepatikana, au hivyo ndivyo mtu angedhani. Halmashauri ilisema huenda ni bahati tu. Ikataka safari ya pili, ambayo ilifanyika mwaka 1764 kwenda Barbados, na saa ikakosea sekunde 39 katika siku 47, yaani ilikuwa bora mara tatu kuliko sheria ilivyotaka. Ndipo likaja sharti jipya. Mwaka 1765 Bunge lilitunga sheria nyingine: Harrison apewe nusu ya fedha akiifungua saa na kuieleza kila sehemu mbele ya wataalamu, na nusu ya pili atakapothibitisha kwamba wengine wanaweza kuitengeneza. Alikasirika sana, lakini akaifungua nyumbani kwake London, akalipwa nusu.

Mwanafalaki mkuu kwa wakati huo alikuwa Nevil Maskelyne, ambaye mwenyewe aliipenda njia ya kupima mwezi. Wengi wamemfanya kuwa adui katika hadithi hii. Mimi naona tumtendee haki: njia yake ilikuwa ya kweli, kitabu chake cha majedwali kilichoanza kutolewa kwa mwaka 1767 kiliwasaidia mabaharia wasio na fedha za kununua saa, na kutaka kujua kama saa moja ya ajabu inaweza kuigwa si swali la kipumbavu. Kosa lilikuwa kumfanya mshindani kuwa hakimu. Mwaka 1766 alikwenda kuzichukua saa zote kwa mzee, na katika kuzitoa wafanyakazi waliiangusha H1. Zilipelekwa Greenwich kwa gari la mizigo lisilo na springi.

Fundi Larcum Kendall alipewa kazi ya kuinakili H4, na nakala yake, K1, ilisafiri na Nahodha James Cook kuanzia mwaka 1772 hadi 1775, kutoka joto la tropiki hadi barafu za kusini mwa dunia. Cook, aliyeanza safari akiwa na shaka, alirudi akiisifu. Swali la Halmashauri lilikuwa limejibiwa.

Kabla ya hapo Harrison na William walikuwa wamekwisha kutengeneza saa nyingine, H5, na wakapeleka malalamiko yao kwa Mfalme George wa Tatu, mtu aliyependa elimu ya sayansi. Mfalme aliijaribu mwenyewe katika jumba lake la kutazamia nyota mwaka 1772, kwa wiki kumi, akaona kosa lake halizidi theluthi ya sekunde kwa siku. Alimuunga mkono mzee. Mwaka 1773 Bunge lilimpa Harrison pauni 8,750. Halmashauri yenyewe haikumtangaza kuwa mshindi, wala haikumtangaza mtu mwingine yeyote. Alikuwa na umri wa miaka 80.

Alifariki nyumbani kwake London tarehe 24 Machi, 1776, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Hampstead. Mwaka uliotangulia alikuwa ameandika kitabu, kigumu mno kusomeka, ambamo alidai kwamba saa ya pendulamu ya namna yake ingeweza kwenda siku 100 bila kukosea zaidi ya sekunde moja. Watu walimcheka. Mwaka 2015, huko Greenwich, saa iliyoundwa kwa kufuata maelezo yake ilifungiwa na kupigwa lakiri kwa siku 100, nayo ikakosea chini ya sekunde moja.

Saa zake za bahari zilisahauliwa zikapata kutu, mpaka ofisa mmoja wa Jeshi la Majini, Rupert Gould, alipoanza kuzisafisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kazi iliyomchukua miaka mingi. Ziko Greenwich katika jumba la makumbusho. H1, H2 na H3 zinakwenda, mizani yake ikipanda na kushuka mbele ya watazamaji. H4, iliyo bora kuzishinda zote, imesimamishwa: kwa kuwa yahitaji mafuta, ikiachwa iende italika.